Mitumba au fundi: nguo za msimu wa kusi Lamu

Kaskazi inapokwisha na masika kukaribia mwezi wa Aprili, mwenye kipato kidogo hapa Lamu huwa na njia mbili za kupata nguo za msimu: kununua mitumba au kumpelekea fundi kitambaa. Mitumba ni rahisi, na sweta la kuvaa alfajiri za kusi halipatikani kwingine kwa bei hiyo. Lakini sharti uigeuze nguo nje ndani, utazame kwapa na mshono wa makalio, kwani hapo ndipo uzi hulegea kwanza. Fundi hudai ujira, ila doti moja ya leso, yenye vipande viwili, hutoa gauni jepesi la pamba lililokatwa kwa kimo chako. Mimi sweta ningelitafuta kwenye mitumba na gauni ningelishonesha, tena kabla mafundi hawajazongwa na kazi za Idi.