TAHADHARI: Mkoba wa "seti kamili ya fundi" wa vepu, wenye mita inayodanganya na betri za zawadi

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na mkoba mweusi wa zipu anaouita "seti kamili ya fundi". Akaunti hubadilishwa jina kila baada ya muda, ila picha ni zilezile. Ndani kuna kila kitu anachokitamani mvutaji wa vepu, yaani sigara ya umeme, anayezungusha koili zake mwenyewe (koili ni waya uliozungushwa, unaopata moto na kutoa mvuke): koleo la kukatia, kibano cha seramiki, vijiti vya kuzungushia waya, bisibisi, roli za waya, pamba, mita ya omu (ya kupima ukinzani, yaani jinsi koili inavyouzuia umeme), na juu ya yote betri mbili za lithiamu za saizi ya 18650 "za zawadi". Bei ni ya kutupa, kwa hiyo watu wameagiza kwa wingi. Rafiki yangu mmoja aliniletea wa kwake nimwangalizie, maana koili zake zilikuwa zinawaka kwa ghafla kuliko alivyozoea. Hapa si kuuziwa mbuzi kwenye gunia tu. Hapa mtu anaweza kuungua.

Vya kuudhi nivitaje harakaharaka. Bisibisi na funguo za pembe sita ni chuma laini. Skrubu ya kwanza iliyokaza kidogo inakula ncha yote, na kichwa cha skrubu kinaharibika pamoja nayo. Brashi inanyonyoka. Pamba inanukia kemikali, sikuthubutu kuiweka kwenye koili. Hiyo yote ni hasara ya mfukoni, mtu unaweza kuisamehe.

Koleo ndilo linaloanza kuleta shida ya kweli. Koleo zuri huukata waya sawasawa, karibu kabisa na skrubu, bila kuacha mguu. Hili linautafuna waya na kuacha kijincha kimechomoza. Ukifunga kofia ya atomaiza, yaani kichwa cha vepu kinachobeba koili, kijincha hicho kinagusa ukuta wa chuma, tayari ni shoti.

Kibano cha "seramiki" ni chuma kilichopakwa rangi nyeupe, na hili lilinikasirisha. Seramiki inatumika kwa sababu haipitishi umeme na haidhuriki na moto wa koili. Unabana koili huku umebonyeza kitufe, mizunguko inashikana na kuanza kuwaka kutoka katikati. Ukifanya hivyo kwa kibano cha chuma, umeupa umeme njia ya mkato na betri inamwaga kila ilicho nacho. Kupima ni rahisi: kwaruza ncha kwa kisu, halafu weka nyaya za maltimita kwenye sehemu mbili za ncha ileile. Ikilia, tupa. Usitegemee sumaku peke yake, kuna chuma cha pua kisichovutwa. (Seramiki halisi ikianguka sakafuni huvunjika. Ni kero, lakini angalau unajua ulichonunua.)

Tuje kwenye waya. Roli imeandikwa Kanthal A1, kipenyo milimita 0.4, yaani geji 26. Kanthal ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini, na sumaku huivuta bila ubishi. Nikromu ya Ni80, aloi ya nikeli na kromiamu, haivutwi. Chuma cha pua cha 316L kwa kawaida nacho hakivutwi, au huvutwa kwa shida sana. Waya wa mkoba huu niliusogezea sumaku na haukutikisika. Kwa hiyo vyovyote ulivyo, Kanthal si huo.

Na tofauti yake si ndogo. Mita moja ya Kanthal A1 ya geji 26 ina ukinzani wa omu 11 na kidogo. Ni80 ya unene huohuo ina kama omu 8.5, na 316L haifiki hata 6. Mtu aliyezoea vipimo vyake, mizunguko ileile kwenye kijiti kilekile, anaweza kutoka na koili yenye nusu ya ukinzani aliotarajia. Kwa macho haioni tofauti. Mita ya omu ipo kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sasa mita yenyewe. Niliweka koili ileile kwenye mita yangu ya siku zote, ikasoma 0.21. Nikaiweka kwenye kifaa chenye chipu, kikasoma 0.22. Nikaiweka kwenye mita ya mkoba: 0.41. Nikaitoa atomaiza yote, juu ya mita hakuna kitu, na kioo bado kinaonyesha namba. Mita isiyo na kitu juu yake haina cha kusoma!

Kwa wageni wa mambo haya, hesabu iko hivi: chukua volti, gawanya kwa omu, unapata ampea. Betri moja ikijaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.41 inavuta kama ampea 10, ambazo betri nyingi nzuri huzimudu bila jasho. Ya omu 0.21 inavuta 20. Yaani mita inakwambia uko kwenye kina cha magoti wakati maji yamefika shingoni. Kifaa chenye chipu kinaweza kukuokoa, kwa kuwa kinapima chenyewe na hukataa kuwasha kikiona shoti. Kile cha mekanika, ambacho ni bomba, kitufe na betri tu, hakikatai kitu. Wanaotumia cha mekanika ndio wanaoihitaji mita ya omu kuliko wote, na ndio tapeli huyu anaowalenga, nikisoma maneno ya tangazo lake.

Ukitaka kuhakiki mita uliyonayo, usitumie maltimita ya kawaida kama hakimu. Nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaoweza kufika sehemu kadhaa za kumi za omu, na sisi tunagombania sehemu za mia. Njia nzuri ni kuiweka koili moja kwenye vifaa viwili au vitatu unavyoviamini na kulinganisha. Njia nyingine ni kukata sentimita 10 za Kanthal geji 26 uliyoithibitisha na kuifunga kwenye atomaiza ikiwa imenyooka kiasi: utegemee omu 1.1 hivi. Ifupishe hadi sentimita 5 kati ya skrubu na skrubu, usomaji ushuke karibu nusu. Mita ya mkoba huu ilishuka kwa kiasi kisichoeleweka, kisha ikapanda yenyewe.

Halafu zile betri za zawadi. Zimevalishwa ganda zuri la zambarau, limeandikwa 6,800 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) na ampea 40. Jamani. Jina 18650 linatokana na vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ndani ya nafasi hiyo, seli bora za ujazo huzunguka 3,500 mAh, na seli zilizoundwa kutoa ampea nyingi hushuka chini ya hapo. Samsung 25R ni 2,500 mAh na ampea 20. Molicel P26A ni 2,600 mAh. Ukiona 6,800 au 9,900 kwenye ganda la 18650, huhitaji kusoma neno jingine.

Mizani ya jikoni pia inasema. Seli nzuri ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 45. Hizi moja ilikuwa 31, nyingine 33, na hata hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Chini ya ganda unakuta seli kuukuu zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato, zilizozoea kutoa umeme polepole, zikavalishwa nguo mpya. Ganda la hizi lilikuwa limechanika ukingoni upande wa chanya, na pete ya kuhami haipo. Watu wengi hawajui kwamba kopo lote la seli, mbavu hadi kwenye mdomo, ni hasi. Kinacholitenganisha na kichwa cha chanya hapo juu ni plastiki nyembamba. Ikichanika, funguo au sarafu mfukoni zinatosha kuleta moto.

Januari 2021, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo watu wasinunue wala kutumia seli za 18650 zinazouzwa moja moja. Samsung, LG na Murata nao wamesema seli zao hazikukusudiwa kuuzwa hivyo kwa mtu binafsi. Najua wengi wetu tunazitumia, sijifanyi malaika. Lakini mwaka 2018 huko Florida na Januari 2019 huko Texas, watu walipoteza maisha baada ya vifaa vya vepu kulipuka. Sisemi vilitoka kwa tapeli kama huyu. Nasema kiwango cha hatari ndicho hicho.

Mbinu zake mzijue. Picha zimeibwa kwa watengenezaji halisi, ukikuza unaona sehemu ya nembo imefutwa. Maoni ya "wateja" yanarudia sentensi ileile hadi kosa la tahajia. Ukiuliza mita inasoma hadi desimali ngapi, anakujibu kwa emoji za moto. Akishaona una nia, anakuomba mlipane nje ya soko la mtandaoni, "nikupunguzie". Ukilalamika anataka video. Ukituma, anataka nyingine yenye mwanga zaidi, na hivyo hivyo mpaka muda wa kudai urudishiwe unapita.

Ambaye tayari ameupokea mkoba: betri usizichaji hata mara moja, na usizitupe kwenye taka za nyumbani. Funika ncha zote mbili kwa utepe wa umeme, ziweke kwenye kasha la plastiki, zipeleke wanakopokea betri chakavu. Mita ivunje, usimgawie mtu. Dai lifungue ndani ya soko siku hiyohiyo, uambatanishe picha ya seli juu ya mizani na picha ya mita ikisoma namba bila atomaiza. Hizo mbili hana jibu lake. Atakuja faragha na ofa ya kukurudishia nusu ili ufute maoni yako. Usifute, na usifunge dai mpaka pesa yote iwe imeingia. Akitaka umrudishie mzigo kwanza, rudisha vyuma tu, na umwandikie ndani ya mazungumzo ya soko kwamba betri mbovu za lithiamu hutaziweka kwenye posta.