Lenzi ya picha za kundi: nimejaribu tatu, nimebaki na ile ndogo

"Mwanangu, picha nzuri, lakini mjomba wako mbona hana pua?"

Hayo ni maneno ya mama mkubwa nilipompelekea picha za sendofu ya binti yake, kule Kimara. Nikaikuza ile picha kwenye simu. Kweli. Bibi aliyekaa mbele unamwona hadi mikunjo ya kitenge, mstari wa pili hawajambo, ila mstari wa tatu, wajomba wote wanne, nyuso zimeyeyuka kama watu waliosimama nyuma ya kioo cha bafuni.

Kosa lilikuwa langu na la lenzi niliyokuwa naipenda kupita kiasi, Canon 50mm f/1.8 STM. (Namba ya mm ikiwa ndogo lenzi inaona pana, ikiwa kubwa inabana. Namba ya f ni tundu la kuingiza mwanga: ikiwa ndogo tundu liko wazi zaidi, ila eneo linaloonekana vizuri linakuwa jembamba.) Kila anayeanza upigaji picha huambiwa aanze na hiyo, na sababu zipo: bei nafuu, uzito gramu 160 tu, na giza likianza kuingia inaona vizuri. Kwa maharusi wakiwa wawili peke yao, sijaona ya kuishinda kwa bei yake. Lakini mimi natumia Canon EOS 700D, kamera ya mwaka 2013 yenye kihisi kidogo, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, upana wake milimita 22.3. Lenzi ya 50 ukiifunga hapo inabana, inatazama kama 80mm kwenye zile kamera za kihisi kikubwa.

Siku ile saa kumi na mbili jioni mwanga ulikuwa unakimbia, nikafungua tundu hadi f/1.8, nikaweka fokasi kwenye uso wa bibi, nikiwa mita 6 na nusu hivi kutoka kwake. Baadaye nilipopiga hesabu nikaona ujinga wangu: kwa umbali ule na tundu lile, nyuma ya bibi nilikuwa na sentimita kama 60 tu za kuonekana vizuri. Wajomba walikuwa mita moja na nusu nyuma yake. Wangeonekanaje?

Na hiyo ilikuwa picha ya wazee tu, watu kumi na watano. Ilipofika zamu ya ukoo mzima, watu thelathini na kitu, walipanuka karibu mita 6. Kwa 50 kwenye kamera yangu hiyo inataka urudi nyuma zaidi ya mita 13. Uwanja wa mama mkubwa hauna mita 13. Nikatoka nje ya geti, nikapigia barabarani, bodaboda zikinipita mgongoni na shangazi akipiga kelele kutoka ndani, "Mbona unatukimbia?"

Lenzi ya pili niliikodi kwa hasira. Nilikuwa na kazi ya mahafali ya shule ya msingi, picha zenyewe ndani ya darasa, nikajiambia safari hii sitoki nje ya mlango. Nikachukua Canon EF-S 10-18mm. Hii ni lenzi pana sana. Kwenye 10mm unaweza kusimama chini ya mita 3 kutoka kwa watu na ukawameza wote wa mita 6. Nilifurahi kama mtoto. Darasa zima likaingia, na madirisha, na ubao, na ramani ya Afrika ukutani.

Furaha ikaisha nilipofungua kompyuta. Waliokuwa katikati ya mstari walikuwa watu wa kawaida, lakini kadiri unavyokwenda pembeni watu wanatanuka. Mwalimu mmoja mwembamba kabisa, aliyesimama mwisho kulia, alitoka na shavu pana na bega kama la mbeba mizigo wa sokoni. Nikadhani lenzi ni mbovu. Si mbovu. Lenzi pana inayolazimika kuchora mistari iliyonyooka, ukuta ubaki ukuta, huwa inalipia unyoofu huo kwa kuvivuta vitu vya pembeni. Kwenye 10mm kwa kamera kama yangu, kichwa kilichoko ukingoni kabisa hupanuka kama nusu yake zaidi. Kwenye 24mm kinapanuka sehemu moja ya kumi tu, huwezi kugundua. Kwa hiyo 10-18 nawaachia wapiga picha wa nyumba na vyumba vya hoteli. Ikibidi kuitumia kwa watu, acha nafasi tupu pande zote mbili, na usimweke mama mkwe ukingoni.

Ndipo nikaja kwenye ya tatu, Canon EF-S 24mm f/2.8 STM. Nilikwenda Kariakoo kutafuta iliyotumika. Muuzaji wa kwanza alinipa moja inang'aa nje, kifuniko chake kipo, bei ya kirafiki. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika ndani kwa kuipitisha upande wa pili: nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu. Joto na unyevu wa Dar vinalea kuvu ndani ya lenzi kama vinavyolea ukungu kwenye viatu vilivyosahaulika kabatini. Nilipomwonyesha akasema ni vumbi. Nikamshukuru, nikaenda mbele. Ya pili ilikuwa safi, nikailipia, na tangu siku hiyo inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni udogo wake. Gramu 125, unene chini ya sentimita 2 na nusu. Ukiifunga, kamera inaonekana kama haina lenzi. Hili ni tatizo la kweli kwenye kazi, msicheke. Watu wetu wanapima ujuzi kwa urefu wa lenzi. Kwenye harusi moja, mzee wa kamati aliniangalia, akaiangalia kamera, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, ile nyingine umeisahau nyumbani?"

Lakini kwa picha za kundi inafanya kazi. Hesabu yake nimeishika kichwani kwa sababu ni rahisi: upana wa kundi ndio karibu sawa na umbali wa kurudi nyuma. Kundi la mita 6, rudi 6 na nusu. Siku hizi kabla sijaita mtu napima uwanja kwa hatua zangu, ndipo najua nitapanga mistari miwili au mitatu. Ukiiweka f/5.6 na fokasi kwenye mita 4, vitu vinaonekana vizuri kuanzia mita 2 na ushee hadi karibu mita 15. Hapo hata mjomba akijificha mstari wa nne, pua yake ipo.

Kasoro zake pia zipo. Kwenye f/2.8 kona za picha zinatia giza kidogo, ukifika f/4 zinatulia. Haina kituliza mtikisiko, ingawa kwa kundi sijakikosa, kwa sababu kituliza hutuliza mkono wako wewe, si mtoto anayechezesha kichwa. Mimi sishuki chini ya kasi ya 1/125 ya sekunde. Na ukihamia kamera ya kihisi kikubwa ya Canon ya aina ya DSLR (zile zenye kioo ndani), lenzi hii haifungi kabisa. Kama unapanga kuhama karibuni, fikiri kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo wauza lenzi hawatalipenda. Kama una ile zumu, lenzi ya kuzungusha ya 18-55mm, iliyokuja na kamera, na picha zako nyingi ni za mchana nje, usinunue chochote. Izungushe hadi 24, weka f/5.6 au f/8, na mteja hataona tofauti. Mimi niliinunua 24 kwa ajili ya kumbi na jioni, maana 18-55 hapo kwenye 24 inaishia f/4 na hii inafika f/2.8, mwanga mara mbili. Na kuna sababu ya pili, ya aibu kidogo: nikiwa na zumu nakuwa mvivu, nazungusha badala ya kutembea, najikuta niko 18 na watu wa pembeni wameanza kunenepa.

Kilichobaki hakihusu lenzi. Panda kiti. Ukiwa juu kidogo nyuso zote zinakuinukia na mistari ya nyuma haizibwi na vilemba. Na piga nyingi, kwa sababu ya kope. Waaustralia wawili, Nic Svenson na Piers Barnes, waliwahi kukokotoa ni picha ngapi upige ili upate angalau moja ambayo hakuna aliyefumba macho, wakapewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006, ile ya kuchekesha. Kwa kundi lisilofika watu 20, gawanya idadi ya watu kwa 3 kukiwa na mwanga mzuri, kwa 2 mwanga ukiwa hafifu, jibu ndiyo idadi ya picha za kupiga. Nilicheka nilipoisoma, sasa naitumia kila Jumamosi.

Desemba iliyopita tulikutana tena kwa mama mkubwa, ukoo mzima, uwanja uleule. Nilipima hatua, nikafika saba kabla ya ukuta, nikapanda stuli. Mjomba alikuwa keshasimama mstari wa nyuma, kofia ameivua, kidevu juu. Akanyoosha kidole kutoka kule kule: "Wewe! Leo nataka pua yangu."