Ujamaa wa mpingo, soko la vinyago Mwenge: anza na kitako

Kinyago cha ujamaa, watu waliobebana kulizunguka gogo moja, ndicho kazi bora ya Kimakonde inayouzwa Mwenge, Dar es Salaam. Ndicho pia kinachoghushiwa sana, kwa mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Usihangaike na sura, kigeuze.

Kitakoni mafundi wengi hawang'arishi sana. Kiini cha mpingo ni cheusi chenye uzambarau wa mbali, na ukingoni huwa na utepe wa rangi ya maziwa. Fundi akiuacha utepe huo uonekane mahali, ni vizuri, rangi haidanganyi hapo. Kwaruza sehemu nyeusi kwa ncha ya ufunguo: unga ukitoka mweupe, rudisha. Uzito nao unasema. Meta moja ya ujazo hukaribia kilo 1,200, ndiyo maana kipande kikavu cha kiini huzama majini.

Kasoro kubwa ni nyufa. Gogo likichongwa bichi, nje hukauka kabla ya ndani, na kinyago hupasuka baadaye, hasa kikiwekwa karibu na kiyoyozi. Wapo wanaoziba ufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo. Mulika tochi ya simu kwa ubavu, gundi itang'aa tofauti na mti. Ufa mwembamba ukingoni unavumilika. Ukiingia kwenye kiini, achana nacho hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Shimo ni jambo jingine. Mpingo wa kusini hukua taratibu, mwingine ukiwa umebakizwa shambani, na moto wa kusafishia mashamba huuacha umepinda au una uwazi ndani. Mbao ndefu hazipatikani humo, lakini fundi wa ujamaa huufuata uwazi huohuo, akatoboa kati ya mabega na magoti mpaka mwanga ukapita. Kazi za namna hiyo ndizo za kulipia.

Soko linapungukiwa kwenye asili ya gogo. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, lakini ni nadra muuzaji akuambie gogo lake lilitoka kijiji gani. Uliza, na udai risiti.

Ukisafirisha nje, mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo husamehewa kibali cha CITES. Ujamaa wa kufika kiunoni huvuka hapo kirahisi, kwa hiyo upimwe kwenye mizani kabla hujalipa.