Barua ya juri kutoka kliniki yetu Lowell: daktari nyota tano, mapokezi mbili

Wengi mnauliza hii kliniki yetu hapa Lowell, Massachusetts, kama wanaandika barua za juri, yaani barua ya daktari ya kuiambia korti kwamba mgonjwa hawezi kukaa kwa juri, lile kundi la raia wanaoitwa kusikiliza kesi na kuamua. Wanaandika, lakini ujipange.

Mzee wangu aliletewa samansi ya kuitwa juri hata cheti cha uraia hakijazoea ukuta, na yeye yuko kwa mashine ya kusafisha damu sababu ya figo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara, sasa huyo atakaa kortini saa ngapi? Nikapiga simu nikawekewa muziki mpaka nikamaliza kuosha vyombo, halafu dada wa mapokezi akanipokea na haraka zake, ati barua ni dola 25, bima hailipi, na usubiri kama wiki mbili hivi. Sawa, nikalipa. Ikaja mistari miwili, kwamba huyu ni mgonjwa wetu na anatibiwa figo. Hiyo si hata mimi naijua? Sheria ya Massachusetts inataka daktari aseme kabisa kwamba kwa maoni yake huo ugonjwa unamzuia mtu kufanya kazi ya juri, bila hayo maneno umepeleka karatasi tu. Nikairudisha na nikakataa kulipa mara ya pili.

Daktari mwenyewe sasa, huyo sina neno. Alituita ndani akamuuliza mzee, ukikaa kwa kiti masaa sita kwa siku, akili iko hapo, na vipumziko vifupi asubuhi na mchana, siku tatu mfululizo, utaweza? Nikadhani ameyatoa kichwani kumbe ndio kipimo chenyewe, kimeandikwa kwa sheria ya juri ya huku. Mzee na uanaume wake akaanza "nitajaribu", nikamkanyaga mguu chini ya meza. Daktari akauliza tu, na siku za mashine je? Kimya. Barua ikaandikwa hapo hapo, ikasema hali ni ya kudumu, tukaituma na korti ikamwachilia.

Sasa nyinyi wa "nitafutie daktari anipe kabarua nina shifti", kwa huyu msijisumbue. Rafiki yangu alienda na maumivu ya mgongo, na kazi yake ni kugeuza wagonjwa kitandani usiku kucha, akaulizwa swali lile lile la kiti akakosa la kusema, akarudi mikono mitupu. Na hakukuwa na haja jamani! Siku tatu za kwanza mwajiri anakulipa mshahara wako wa kawaida, kuanzia ya nne serikali ya jimbo inatoa dola 50 kwa siku, na wengi hawafiki huko maana mtindo wa huku ni siku moja au kesi moja, usipochaguliwa unarudi nyumbani na umemaliza. Tarehe ikikubana unaisogeza, mpaka mwaka mzima. Kama ni mama yako na ameshafika miaka 70, anajibu tu samansi kwamba hataki kuhudumu, daktari wa nini, usimlipishe 25 bure. Kitu hufanyi ni kuitupa hiyo bahasha, faini inaweza kufika dola 2,000.

Mapokezi nimewapa mbili, na hiyo ya pili ni ya yule dada mpya wa Alhamisi, anasikiliza mpaka umalize. Mwombeni yeye, na mmwambie barua iandikwe na daktari mwenyewe.