Kabini za meli kwa familia kubwa: zipi za kuwahi, zipi za kuacha

Matangazo ya meli za kitalii zinazotoka bandari za Marekani kama Galveston, Miami au Port Canaveral huandika bei moja kwa herufi kubwa: dola kadhaa kwa mtu. Baba, mama, bibi na watoto watano wakizidisha bei hiyo mara nane watapata jibu lisilo kweli. Bei ile ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Wa tatu na wa nne ndani ya chumba hichohicho kwa kawaida hulipa pungufu, na anayelala peke yake mara nyingi hutozwa karibu nauli ya watu wawili. Kodi na ada za bandari ni za kila kichwa, hata cha mtoto anayebebwa.

Kwa hiyo, kabla watoto hawajakuonyesha video za bwawa la juu ya meli, panga vichwa. Tuseme nauli ni dola 600 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza, na dola 300 kwa wa tatu na wa nne. Familia ya watu watano ikijigawa wanne chumba kimoja na mmoja peke yake, nauli inafika dola 3,000. Ikijigawa watatu na wawili, inashuka hadi 2,700. Watu wanane wakilala wanne wanne ni 3,600. Wakichukua vyumba vitatu vya watatu, watatu na wawili, ni 4,200. Umri hauangaliwi hapa. Mtoto akiandikwa kuwa mtu wa pili chumbani, analipa kama mtu mzima. Hata ofa za "watoto bure", ambazo kampuni za meli kama MSC na Royal Caribbean huzitoa mara kwa mara, humhusu mtoto aliye wa tatu au zaidi, na bado utamlipia kodi na ada.

Chaguo langu la kwanza kwa familia ya watu watano hadi wanane ni vyumba viwili vya ndani, visivyo na dirisha, vilivyopakana. Chumba cha namna hii kina ukubwa wa takribani mita za mraba 14 hadi 17, na bafu humohumo. Vitanda vya juu hukunjwa ukutani au darini mchana, na mhudumu huvishusha jioni. Watu wanne wanaenea kulala, lakini asubuhi siku ya kushuka Cozumel, kisiwa cha Mexico, wote wanapotaka choo kimoja kwa wakati mmoja, ndipo utajua faida ya kuwa na vyumba viwili. Vyoo viwili vina maana kuliko dirisha. Giza la chumba cha ndani pia huwafanya watoto walale mpaka asubuhi. Kuta za kabini karibu zote ni za chuma, kwa hiyo beba ndoano za sumaku za kutundikia nguo za kuogelea, maana sakafu haina pa kuziweka. Ukipata vyumba vyenye mlango wa katikati, chukua bila kusita. Havizidi bei sana, ila ni vichache.

Nafasi ya pili naipa mpangilio ambao mawakala wengi hawautaji mpaka uulize: chumba kimoja chenye roshani, na kingine cha ndani ng'ambo ya korido, mlango kwa mlango. Wazee wanapata hewa ya bahari na pa kukalia alasiri, vijana wanalala upande wa pili, na roshani mnaitumia wote. Kwa familia inayosafiri na bibi au babu, hapa ndipo pesa ya ziada inapofanya kazi yake.

Kwa mipango yote miwili kuna sharti la umri. Safari nyingi zinazoanzia Marekani haziruhusu chumba kukaliwa na walio chini ya miaka 21 pekee. Kampuni nyingi hulegeza sharti hilo wazazi wakiwa chumba cha jirani au cha mkabala, lakini kila moja ina kipimo chake cha umbali, basi kiulizie kabla ya kulipa. Kinachofanywa na familia nyingi ni kumwandika mzazi mmoja kila chumba, kisha mkishapanda mnaomba funguo za ziada mapokezi na kila mtu analala panapomfaa.

Ya tatu ni kabini moja kubwa ya watu watano au zaidi. Meli za kampuni ya Carnival ziitwazo Carnival Dream, Carnival Magic na Carnival Breeze zina vyumba vyenye dirisha vya watu watano na bafu mbili. Royal Caribbean ina vyumba vya dirisha vya watu sita kwenye meli kama Freedom of the Seas, na meli ya MSC Meraviglia ilijengwa na vyumba vya familia vinavyounganika mpaka watu kumi. Ni vizuri, tatizo ni uchache wake. Kila sehemu ya meli pia ina idadi ya watu inayolingana na nafasi katika mashua za kuokolea. Idadi hiyo ikitimia, mfumo unakataa mtu wa tatu na wa nne hata kama vitanda vipo. Ndiyo maana vyumba vya familia huisha mapema wakati vya watu wawili bado viko tele kwenye tovuti. Ukivitaka, weka nafasi mwaka mmoja kabla au zaidi.

Switi, yaani chumba kikubwa cha kifahari, naiweka mwisho. Kwa bei yake, mara nyingi unapata vyumba viwili vya kawaida na chenji ikabaki. Na kuna moja ya kuacha kabisa ukiwa na watoto wadogo: bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba. Inamfaa mtu na mwenzake. Familia inaweza kujikuta bibi yuko mbele ya meli na wajukuu nyuma, sitaha tatu chini.

Bei nzuri za Karibi hupatikana Januari baada ya sherehe kupita, wiki za mwanzo za Desemba, na kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, ndani ya msimu wa vimbunga unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30. Krismasi na likizo za shule kila kitu kinapanda. Lipa malipo ya awali yanayorudishwa, halafu uwe unaangalia bei. Ikishuka kabla ya siku ya mwisho ya kumaliza deni, ambayo huwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya safari, piga simu uombe bei mpya. Mkiwa ukoo mzima, kuanzia vyumba vinane hivi, ombeni mkataba wa kundi, maana mara nyingi nauli ya mtu mmoja hurudishwa kwa kila abiria kumi na sita.

Bakshishi iingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Kampuni nyingi kubwa hukata dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, watoto wakiwemo. Watu wanane kwa usiku saba ni karibu dola 900 kwa kiwango cha chini, gharama ambayo haionekani kwenye tangazo.

Mtoto awe ametimiza angalau miezi sita, na mjamzito atakayekuwa amefika wiki ya 24 kabla safari haijaisha hapandi. Raia wa Marekani, meli ikiondoka na kurudi bandari ileile, anaweza kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mexico haimdai viza, lakini visiwa vingine vina masharti yake, basi vikague kimoja kimoja. Ndugu aliyekuja kwa viza ya matembezi kutoka Dar es Salaam au Mombasa ahakikishe viza yake inamruhusu kuingia tena. Wanaokula halali tu, andikieni kitengo cha mahitaji maalumu cha kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, mkitaja namba za vyumba vyote viwili.