Sponji, blanketi na saa ya hita: kipi kinaokoa tokeni kwenye nyumba ya zamani?

Madukani vifaa hivi hupangwa kinyumenyume. Saa ya kuzimia hita ya maji iko mbele kaunta kwa sababu ndiyo yenye bei. Sponji ya kuvika bomba lisipoteze joto imesukumwa nyuma, kwenye kona ya viungio. Kwa nyumba ya zamani ya Nairobi, Limuru, Arusha au Mbeya, yenye mabomba ya chuma na hita ya lita 100 iliyopandishwa darini, tungeanza na sponji, kisha blanketi la kufunika hita. Saa ije mwisho, na si kwa kila nyumba.

Kabla ya kununua chochote, pima. Hita ikishafikisha joto na taa yake kuzimika, saa nne usiku izime kwenye swichi na mtu asifungue maji moto. Saa kumi na mbili asubuhi zima friji na vingine vyote, soma mita, washa hita peke yake, kisha usome tena taa ikizimika. Ikila uniti 0.7, hilo ndilo joto lililovuja kwa saa 8: karibu uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi, bila mtu kuoga. Zidisha kwa bei ya uniti kwako. Themostati (kifaa kinachokata umeme joto likifika) za zamani hazikati sawasawa kila mara, kwa hiyo rudia usiku mara mbili tatu uchukue wastani.

Kupandisha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji karibu uniti 4.9, na hapo hakuna kifaa kitakachokusaidia ila kutumia maji kidogo. Vifaa tunavyovipima hapa vinashughulika na zile uniti 2.

Sponji nyeusi ya mpira, unene wa milimita 13. Ndiyo tunayoipa alama za juu. Bomba la moto linalopanda wima kutoka kichwani mwa hita hupoteza joto usiku kucha: maji ya moto hupanda katikati ya bomba, yakapoa, yakateremka ubavuni. Vika mita 2 za mwanzo za bomba la moto, na mita moja ya bomba la baridi karibu na hita, kwa sababu nalo hupata joto. Kipande kimoja cha mita 2 na nusu yake vinatosha kuanzia.

Kosa linalojirudia ni saizi. Bomba la chuma la "robo tatu" ya inchi lina upana wa nje wa karibu milimita 27, na la "nusu inchi" karibu milimita 21. Mnunuzi huomba sponji ya milimita 20 kwa bomba la robo tatu, ikifika nyumbani haifungi, anaiacha imepasuka ubavuni na kuifunga kamba. Mwanya huo unatoa joto ulilokusudia kulizuia. Nunua ya 28 kwa robo tatu na ya 22 kwa nusu inchi. Mshono upakwe gundi ya mpira, na kwenye kona kata vipande kwa nyuzi 45 badala ya kuikunja. Bomba likipita nje juani, zungushia tepu ya alumini, la sivyo sponji itakauka na kumeguka.

Kuna kitu sponji haiwezi. Mita 12 za bomba la robo tatu hushika zaidi ya lita 4. Ukifungua sinki la jikoni kunawa mikono, unaondoka na maji ya baridi na kuacha lita 4 za moto zipoe ukutani. Sponji huyachelewesha kupoa, hivyo inasaidia wanaooga wakifuatana. Jikoni dawa ni bomba jembamba la plastiki la PPR la milimita 20, ambalo kwa umbali huohuo hushika chini ya lita 2. Ila kama maji yanashuka tu kutoka tangi la darini, presha itashuka tena.

Blanketi la pamba ya kioo, milimita 50, lenye karatasi ya fedha. Weka kiganja kwenye ganda la hita. Ukisikia vuguvugu, blanketi litalipa. Ukisikia baridi, ndani mna povu la kutosha, okoa fedha zako. Mitungi ya shaba isiyo na ganda, ambayo bado imo kwenye madari mengi, ndiyo inayolihitaji zaidi. Usilikaze kwa kamba, maana pamba iliyobanwa haizuii joto vizuri. Acha wazi kifuniko cha elementi (chuma kinachochemsha maji) na themostati, valvu ya usalama na bomba lake la kumwagia. Bati likivuja, lizibe kwanza: pamba iliyolowa haina kazi, tena huficha kutu. Hita ya gesi usiifunike kabisa.

Saa ya kuzimia. Ile ya kuchomeka kwenye soketi haifai hapa. Elementi ya kilowati 3 hukokota ampea 12.5 kwa zaidi ya saa moja na nusu mfululizo, na plagi huanza kubadilika rangi, kisha kuyeyuka. Inayofaa ni ya kufungwa kwenye boksi la breka, ya ampea 20 au zaidi, na iwe na betri ndani. Isiyo na betri husimama kila umeme unapokatika. Baada ya wiki moja inawasha hita saa nane mchana. Wanaodai kwamba kuzima na kuwasha hula umeme zaidi wanakosea, lakini hita ikishavikwa vizuri, kinachobaki kuokolewa na saa ni kidogo. Inawafaa wanaooga mara moja tu kwa siku.

Themostati ni bure. Zima umeme kwenye meni swichi, fungua kifuniko, na ukikuta imewekwa nyuzi 75, ishushe hadi 60: kwa dari lenye nyuzi 20, uvujaji hupungua kwa zaidi ya robo. Usishuke chini ya 60, kwa sababu bakteria wa legionela, waletao nimonia, hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Shawa za kubana maji tusingezipendekeza kwa nyumba yenye tangi la darini. Nyingi zinataka presha ya karibu baa 1, na tangi lililo mita 2 juu ya shawa linatoa baa 0.2. Badala yake kagua bomba la moto linalodondoka: likijaza glasi ya mililita 250 kwa dakika 15, ni lita 24 kwa siku, zaidi ya uniti 1. Washa ya mpira, ile pete inayoziba maji ndani ya bomba, ndiyo bei rahisi kuliko vyote tulivyovitaja.