Jernej na Haki Yake: Kitabu Chembamba, Swali Zito

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo nina kitabu cha Ivan Cankar wa Slovenia, "Hlapec Jernej in njegova pravica", yaani mtumishi Jernej na haki yake. Kilitoka 1907, Slovenia ikiwa bado chini ya Austria-Hungaria. Ni chembamba, jioni moja unakimaliza. Mimi nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza.

Jernej amelitumikia shamba la Sitar miaka 40. Tajiri mzee anafariki, mwanawe anarithi, na mzee wa watu anaambiwa afungashe virago. Basi anauliza: nyumba ni ya nani, ya aliyeitolea jasho au ya aliyerithi? Anabisha kwa mkuu wa kijiji, anakwenda mahakamani, anafika Ljubljana, mji mkuu wa Waslovenia, mpaka Vienna kumtafuta Kaizari. Huko wanamtia ndani na kumrudisha kwao chini ya ulinzi. Padri naye anamwambia atii.

Jamani, kilichonikaa rohoni ni hiki: Jernej haombi sadaka, na sheria haitukani. Anaiamini! Anadhani tu hajampata mtu wa kuisoma sawasawa. Swali ni lilelile kila mlango, na katikati nilichoka kweli. Halafu nikamfikiria yeye, na umri ule, anautafuta mlango mwingine. Mwisho anaichoma moto nyumba, na wanakijiji wanamtupa humohumo.

Cankar mwenyewe, mtoto wa fundi cherehani wa Vrhnika, mwaka huohuo wa 1907 aligombea ubunge kupitia chama cha kisoshalisti. Alishindwa.

Sasa, "hlapec" ni mtumishi wa shamba. Mwaka 1910 akatoa tamthilia, akaiita kwa wingi wa neno hilo, "Hlapci", na hapo mimi ningetafsiri "Vibaraka". Uchaguzi umepita, chama cha mapadri kimeshinda, na walimu waliokuwa wakijiita waliberali, yaani wapinzani wa mapadri, wanageuka usiku mmoja. Mwalimu Jerman peke yake anakataa. Jernej alitumikia kwa mikono. Hawa wamesoma, wana mishahara, na wanatumikia kwa moyo. Ndio waliomuudhi Cankar zaidi, naona, na ndio maana tamthilia ni kali kuliko hadithi. Wakubwa waliizuia isichezwe. Ilipanda jukwaani 1919, mwenyewe keshafariki Desemba 1918.

Mkivipata vyote viwili, anzeni na Jernej. Jerman mtamwelewa vizuri zaidi mkishatembea na yule mzee hadi Vienna.